Msasa, Nta na Gari la Baba

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili ilinirudia mikononi ikiwa imetapakaa wino mwekundu. Msimamizi wangu si mtu wa maneno mengi. Pambizoni mwa ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika mawili tu: "Ipigwe msasa." Niliyasoma, nikayameza kama mgonjwa amezavyo shubiri, nikafunga virago na kupanda basi la usiku kwenda kwetu Busia. Nilijidanganya kwamba sura hiyo ningeinyoosha kwa utulivu chini ya mwembe wa nyumbani.

Chini ya mwembe huo nilimkuta baba. Siku hizi ndipo anaposhinda. Presha ya macho ilianza kumwibia nuru polepole, kwanza pembeni kisha katikati, na sasa hutofautisha mchana na usiku tu. Hata hivyo, mtu akiingia uani humtambua kwa hatua zake kabla hajabisha hodi.

"Mama," akaniambia siku ya pili. Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mamake. "Kakako anakwenda kutoa mahari Malaba Jumamosi ya pili ya Desemba. Nataka gari liende. Lakini haliwezi kwenda jinsi lilivyo. Wale ni wakwe. Wasije wakadhani tumeokota mabati barabarani. Wewe ndiwe msomi. Tafuta cha kulipaka ling'ae."

Msomaji mpendwa, gari lenyewe ni Peugeot 504, lile refu la viti vya safu tatu, jeupe, lililonunuliwa kwa mkono wa pili kabla sijazaliwa. Vijana wa leo huliona kama kichekesho. Ilhali gari la aina hiyo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa teksi ya masafa marefu katika nchi hii. Baba alilipakia abiria kati ya Busia na Kisumu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa hadi nilipomaliza darasa la saba. Karo, sare, daftari na hata kamusi yangu ya kwanza vilitoka ndani ya gari hilo.

Kuna jambo moja la historia yake ambalo ni lazima nilitaje hapa, kwani ndilo lililokuja kunitoa jasho. Mapema mwaka 2004 serikali ilianza kutekeleza kanuni ambazo watu walizoea kuziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Magari ya abiria yalitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na ubavuni yachorwe mstari wa manjano. Baba alichora mstari wake. Mwaka 2010, abiria walipokuwa wamehamia kwenye Nissan na gari likawa halileti tena faida, alilitoa barabarani akamlipa fundi mmoja wa kando ya barabara alipulizie rangi nyeupe upya. Fundi huyo, Mungu amsamehe, hakuuondoa ule mstari. Aliufunika tu.

Nilianza na kuosha. Nikachota maji ndoo moja, nikatia sabuni ya unga ya kufulia, nikachukua sponji na kusugua kwa bidii ya mwanafunzi anayekimbia tasnifu. Vumbi letu la Busia ni jekundu na lina chembechembe kali za changarawe. Mtu akilisugua kabla ya kulimwagia maji ya kutosha, huwa anasaga rangi. Nalo povu la sabuni ya nguo hutafuna mafuta yote, yakiwemo yale machache yanayoilinda rangi. Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo niliona tu kwamba gari lilipokauka lilikuwa limepauka zaidi ya awali, na nilipopitisha kiganja kwenye boneti kilitoka na unga mweupe kama wa chaki.

Basi nikaenda mjini kununua dawa. Mpakani bidhaa hazina uhaba: upande wetu zimejaa, na ng'ambo ya pili zimejaa. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 kimewapunguzia wafanyabiashara taabu ya kukaguliwa mara mbili, na wenyeji tumezoea kuvuka kwenda kutafuta tofauti ya shilingi kumi. Katika duka moja la vipuri nilisimama mbele ya rafu nzima ya makopo, chupa na mirija. Lebo zilikuwa za Kiingereza, Kichina na Kiarabu. Nilitafuta neno moja la Kiswahili, hata la makosa, sikulipata. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya; baraza la mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022; nasi Katiba yetu ya 2010 imekipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini mtu anayetaka kujua cha kupaka gari lake hana budi kusoma lugha ya watu wengine au kumtegemea muuzaji.

Nikamtegemea muuzaji.

"Hii ndiyo polishi, dada," akasema, akinipa kopo zito. "Ukiisugua mara moja, utajiona usoni kama kwenye kioo."

Hakunidanganya kwa makusudi, na sitamlaumu. Kwetu neno polishi limebeba kila kitu: kinachong'arisha viatu, kinachong'arisha sakafu, kinachopakwa kucha, na kile kinachosugua bati. Neno moja likitumikishwa hivyo, mwisho wake ni ajali.

Baba aliniuliza nimlete kopo alinuse. Enzi zake alikuwa na kopo bapa ambalo lebo ilikuwa imekwisha kubanduka, na harufu yake anaikumbuka kama ukumbukavyo harufu ya jiko la mamako. Nikamwambia, "Baadaye, baba." Laiti ningalitii.

Nilianza na mlango wa nyuma, upande wa dereva. Nikachota kile kilichokuwa ndani ya kopo, kizito kama uji uliolala, nikasugua. Kweli pakang'aa! Unga wa chaki ukatoweka, weupe ukarudi. Nikapata mori, nikasugua zaidi, nikiukandamiza mkono hasa pale palipokuwa na kijituta chembamba kilichopita ubavuni mwa gari kutoka mbele hadi nyuma, ambacho nilikichukulia kuwa dosari ya bati. Ghafla nikaona rangi ya yai. Nikadhani ni uchafu wa kitambaa. Nikafuta. Ikapanuka. Manjano ya mwaka 2004 ilikuwa ikinitazama, urefu wa kiganja changu, katikati ya mlango wa gari la mahari.

Nilisimama pale mikono ikinitetemeka. Hatua kumi kutoka nilipokuwa, baba alikuwa akisikiliza taarifa ya habari redioni.

"Linaendaje?" akauliza.

"Linang'aa, baba."

Sikusema uongo. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimetamka sentensi ya kweli kwa nia ya kuficha, na katika usomi wetu tuna istilahi nyingi za kupamba tendo la aina hiyo, lakini uani mwa baba yangu liliitwa kumficha kipofu asichoweza kukiona. Nikafunika gari kwa turubai. Siku tatu likakaa limefunikwa.

Siku ya nne nilitumwa Malaba kupeleka ujumbe kwa wakwe watarajiwa kuhusu idadi ya wageni. Aliyewahi kufika Malaba anaujua msururu wa malori. Huanzia mpakani ukarudi nyuma kandokando ya barabara, matrela yakifuatana kama tembo wanaokwenda kunywa maji, na moshi wa dizeli ukiganda juu ya paa za vibanda. Siku nyingine husonga upesi, siku nyingine husimama. Madereva hufua, hupika chini ya matrela, hulala, hucheza bao. Na wengine, kwa kuwa wana muda, huosha na kung'arisha malori yao kwa uangalifu ambao sijauona kwa mwenye gari yeyote wa mjini.

Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya kiua, alikuwa akipangusa mlango wa lori la buluu kwa duara ndogondogo. Ule mlango ulikuwa kama maji ya kisima. Nikashindwa kupita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umepotea?"

Lafudhi ilinijulisha kwamba ni mtu wa Mombasa. Nikamweleza masaibu yangu yote, pengine kwa sababu hakuwa wa kwetu na nisingemwona tena. Akanisikiliza huku akiendelea kupangusa. Kisha akaniuliza kile kilichokuwa koponi kilikuwaje nilipokisaga kati ya vidole. Nikakumbuka: kilikuwa na mchanga, laini mno, lakini mchanga.

"Basi hiyo si polishi, binti yangu. Huo ni msasa uliotiwa maji."

Nikaduwaa. Msasa! Neno nililolikimbia lilikuwa limesafiri kwa lori kutoka pwani kuja kunisubiri Malaba.

Nadhani wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mmea ambao majani yake yanakwaruza, na kwamba mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao. Mzee yule hakuhitaji kamusi kulijua hilo. Aliniambia kwamba babake alikuwa fundi wa vyombo, na kwamba chombo cha baharini kilikuwa na kazi mbili zisizochanganywa. Kwanza mbao hulainishwa, maana yake huondolewa. Halafu chombo hupakwa: chini, panapokaa majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na juu, panapopigwa na jua, hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. "Kulainisha ni kupunguza," akasema. "Kupaka ni kuongeza. Wewe ulitaka kuongeza, ukapunguza."

Kwa miaka sita chuoni nimechambua sifa katika majigambo, katika tenzi, katika mashairi ya arusi. Kwamba sifa ni mafuta pia, na kwamba mafuta hayo yananuka vibaya mno, sikuwa nimewahi kulitilia maanani.

Nilikaa pale karibu saa nzima, na kile nilichojifunza nimekuja kukithibitisha kwa kusoma na kwa mikono yangu. Magari mengi ya leo huwa na rangi yenye tabaka kadhaa: praima inayozuia kutu, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Klia hii aghalabu ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Magari ya zamani ya rangi nyeupe, kama la baba, hayana klia. Rangi ndiyo iliyo juu, na jua ndilo linaloila hadi igeuke chaki. Njia ya kutambua ni rahisi. Chukua kitambaa, tia polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana, mathalani kwenye ukingo wa ndani wa mlango. Rangi ya gari ikihamia kwenye kitambaa, ujue halina klia. Hapa mzee alinicheka niliposema nilitumia kitambaa cheupe: gari jeupe hupimwa kwa kitambaa cheusi.

Vitu vinavyouzwa kwa jina la polishi, kwa hivyo, ni vya jamii mbili zisizo na undugu. Kuna vinavyosugua, kuanzia kompaundi kali ambayo ni ya fundi aliyetoka kupuliza rangi, hadi polishi laini kabisa inayoondoa ukungu na mikwaruzo ya juujuu. Hivi vyote hula rangi, kila kimoja kwa kadiri yake, na hula kwa kasi zaidi kwenye kingo na matuta, kwa kuwa huko ndiko rangi ilikojikunja ikawa nyembamba na ndiko mkono unakokandamiza. Kisha kuna vinavyofunika: nta, na dawa za kisasa za maabara zinazofanya kazi ileile na kudumu miezi zaidi. Nta inayosifiwa kuliko zote hutokana na majani ya mti mmoja wa jamii ya minazi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili, uitwao carnauba. Mti huo hujipaka nta majanini ili usikaushwe na jua. Nta hiyo huanza kuyeyuka inapozidi nyuzi 80 hivi za selisiasi, ilhali ya nyuki wetu huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Na boneti iliyoachwa kwenye jua la saa nane mchana ni kikaango.

Na yale tunayoyaona kila siku kwenye vibanda vya kuoshea magari, ya kupangusa bodi kwa mafuta ya taa au dizeli? Hung'aa, ndiyo. Hung'aa hadi jioni, kisha vumbi la njia nzima hunata pale, na mipira ya milango huanza kuvimba. Dawa ya meno nayo, ambayo binamu yangu aliapa kwamba ni siri kubwa, ni msasa mwingine tu wenye harufu ya mnanaa.

Nilirudi Busia nikanunua vitu vitatu. Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, chupa ndogo. Polishi laini, ambayo nilimlazimisha muuzaji anifungulie niisage kati ya vidole kabla ya kulipa; alininung'unikia lakini akafungua. Na kopo bapa la nta ngumu. Kwa kila kimoja nilitafuta kwanza alama ya shirika la viwango na jina la aliyekitengeneza, kwa maana mpakani kopo zuri linaweza kujazwa chochote. Nilikwepa chupa moja ya bei nafuu iliyojaa silikoni, kwa kuwa silikoni ikibaki kwenye bati, fundi akija kupuliza rangi siku moja itafanya vishimo kama macho ya samaki. Nikapasua fulana mbili za pamba za mtumba, nikang'oa lebo na kukata mishono migumu.

Nta nilimpelekea baba ainuse. Akaishika kopo kwa mikono miwili. "Si ileile," akasema, "lakini ni ya ukoo wake."

Safari hii niliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, nikianza kwa kumwaga maji tele na kushuka kutoka paa kwenda chini. Utomvu wa mwembe uliokuwa umeganda kwenye paa niliulowesha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu badala ya kuukwangua. Polishi nikaipaka kivulini, bati likiwa baridi, eneo la ukubwa wa gazeti lililokunjuliwa kwa wakati mmoja, mkono mwepesi. Kwenye kile kijituta sikugusa tena. Kitambaa cheusi kilitoka cheupe, kisha cheupe kidogo, kisha nikaacha. Halafu nta: nyembamba, nyembamba kuliko vile roho inavyotaka, ikaachwa ifanye ukungu, ikapanguswa.

Kiraka cha manjano kilibaki palepale mlangoni. Nacho nilikipaka nta. Sikujua la kufanya zaidi. Kilikuwa sasa kimeng'aa kuliko sehemu nyingine zote.

Jioni ya kuamkia Jumamosi baba aliinuka kitini bila kuitwa. Alipotoka chini ya mwembe nilijua anakokwenda, nikamfuata, koo limenikauka. Akaanza kwenye boneti, kiganja wazi. Akapita kwenye madigadi ya mbele, polepole. Akafika mlango wa dereva, akaupata kile kijituta kwa ncha za vidole viwili, akakifuata kama mtu anayesoma mstari wa kitabu. Vidole vikasonga hadi mlango wa nyuma. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikasonga tena. Mahali hapo kijituta kilikuwa kimekwisha.

"Mama," akasema. "Umefika kwenye manjano."

"Ndiyo, baba."

"Lini?"

"Wiki mbili sasa."

Akanyamaza. Ng'ombe wa jirani wakapita njiani, na kijana wao akamsalimu baba, "Mulembe!" naye akaitikia kama kawaida, mkono ukiwa bado mlangoni. Nilingoja kukaripiwa. Ningependelea kukaripiwa.

"Niliposikia umelifunika kwa turubai, nikajua kuna jambo," akasema hatimaye. "Gari linalong'aa halifunikwi. Nikangoja uniambie."

Niliomba msamaha. Hakunijibu kuhusu huo. Aliniuliza kiraka kina ukubwa gani, nikaushika mkono wake nikauzungusha kwenye kingo zake. Akauliza kama manjano yenyewe bado ni kali au imefifia. Nikamwambia ni kali, kwamba ilikuwa imefichwa jua miaka 13. Akacheka kidogo, ile cheko yake ya puani. Akasema rangi hiyo aliichanganya mwenyewe usiku, kwa kuwa polisi walikuwa wakianza msako asubuhi, na kwamba upande wa pili mstari umepinda kwa sababu tochi ilizima.

Asubuhi kakangu alipoliona alitaka tubandike karatasi nyeupe mahali pale. Baba alikuwa tayari ameketi kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, suti ya kijivu imefungwa vifungo vyote. Akamwambia awashe gari, tunachelewa. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matone kwenye boneti, ya mviringo, yametengana, na gari lilipokata kona kuingia barabara ya Malaba yaliteleza yote kwa pamoja yakaanguka.